Risasi Nimetoa, Mbona Imelia?

“Risasi zote nilizimwaga mezani. Sasa imeliaje?”

Swali hili huulizwa karibu kila inapotokea ajali ya bunduki nyumbani, kwenye kibanda cha mlinzi au kambini, na mara nyingi anayeuliza ni mzoefu wa silaha. Majirani watasema alikuwa anaisafisha. Gazeti nalo litaandika hivyohivyo. Maelezo hayo yananikera, kwa sababu kitambaa na mafuta havijawahi kufyatua risasi. Bunduki ililia kwa kuwa ilikuwa na risasi, na aliyeishika aliamini haina. Alikosea kabla hata hajafungua kichupa cha mafuta.

Sura hii inaeleza namna ya kusafisha na kukagua bunduki ya nusu otomatiki, na tutaifuata bunduki moja tu mwanzo hadi mwisho: SKS. Ilibuniwa na Mrusi Sergei Simonov mwaka 1945, ikaingia rasmi katika jeshi la Kisovieti mwaka 1949, na kuanzia 1956 Wachina wakawa wanaunda ya kwao. Katika Afrika Mashariki inajulikana vizuri. Wapigania uhuru wa Msumbiji waliibeba, na kwenye taarifa za polisi wa Tanzania utakutana na herufi SAR, zinazotumika kwa bunduki za nusu otomatiki za kundi hili. Ina uzito wa kilo 3.85 kabla haijapakiwa, hubeba risasi 10, na kila risasi ni ya milimita 7.62 kwa 39, ileile inayoliwa na AK-47.

Msomaji wangu ni yule anayeishika kihalali: askari wa wanyamapori, mlinzi, mgambo, au mwenye leseni katika nchi inayomruhusu raia kumiliki silaha ya aina hii. Asiye na kibali asitafute njia ya mkato humu. Kazi yake ya kwanza ni kuisalimisha polisi.

Bunduki inayojipakia yenyewe

Tuanze na risasi yenyewe. Ina sehemu nne: ganda la chuma au shaba, baruti iliyomo ndani ya ganda, kichwa, yaani kile kipande kinachotoka na kwenda kwenye shabaha, na fataki, kidonge kidogo kilichokaa kwenye kitako cha ganda. Fataki ikigongwa hutoa cheche, cheche huwasha baruti, na baruti ikiwaka huwa gesi inayosukuma kichwa kutoka mtutuni.

Risasi inapofyatuliwa huwa imekaa ndani ya chemba, chumba kilichopo mwanzo wa mtutu. Nyuma yake imezibwa na boliti, pande la chuma linalokwenda mbele na kurudi nyuma. Ndani ya boliti mna pini. Ukivuta triga, nyundo huigonga pini, na pini huigonga fataki.

Bunduki ya kizamani huishia hapo. Ukitaka kupiga tena, unavuta boliti kwa mkono. SKS haisubiri. Kwenye mtutu wake kuna kitundu kinachoiba gesi kidogo, gesi hiyo husukuma pistoni, na pistoni huirusha boliti nyuma. Boliti ikienda nyuma hutoa ganda tupu, hulitupa nje na kuikoki nyundo. Springi huirudisha mbele, na ikipita juu ya magazini huchota risasi nyingine na kuiingiza chemba. Wewe umevuta triga mara moja. Kazi nyingine zote imejifanyia. Hii ndiyo maana ya nusu otomatiki: inajipakia yenyewe, lakini kila mlio unahitaji triga ivutwe upya. Otomatiki kamili huendelea kulia mradi umeishikilia triga.

Jambo la kukariri ni kwamba kila boliti inapokwenda mbele, kama magazini ina kitu, chemba nayo itapata kitu. Boliti haijui kama uko vitani au umekaa mkekani unataka kufuta vumbi.

Risasi ya kumi na moja

Magazini ya SKS haichomoki kama ya AK. Imefungwa chini ya bunduki, na ili kuitoa risasi unafungua kibao chake cha chini kwa kubana kilachi kilicho mbele ya kinga ya triga. Kibao kinaanguka, risasi zinamwagika kwenye kiganja au mezani. Mlio wake unaridhisha, na hapo ndipo mtego ulipo: ukiziona zimelala pale zote, moyo unakuambia kazi imekwisha. Wakati huohuo iliyokuwa chemba iko palepale ilipokuwa. Kibao cha chini hakina uhusiano nayo.

Kosa la pili ni baya zaidi, kwa sababu hufanywa na mtu anayejiona mwangalifu. Anajua habari ya chemba, kwa hiyo anaanza nayo: anavuta boliti, risasi moja inaruka nje, anaiokota. Kisha anaiachia boliti, ambayo ikirudi inachukua nyingine kutoka magazini na kuiweka chemba. Sasa anafungua kibao, zilizobaki zinamwagika. Ameona risasi ikitoka chemba kwa macho yake na ameona magazini ikimwagika. Mtu huyu ataapa mbele ya hakimu kwamba bunduki ilikuwa tupu, na hatakuwa anasema uongo.

Mpangilio sahihi, basi, ni huu, na ukivurugwa hata hatua mbili tu, hauna maana tena:

1. Elekeza mtutu mahali ambapo risasi ikitoka haitamdhuru mtu. Ndoo kubwa iliyojaa mchanga inatosha. Ukuta wa mbao au wa tofali moja hautoshi. Risasi hii hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 700 na zaidi kwa sekunde.
2. Weka sefti, na kidole kikae nje ya kinga ya triga.
3. Fungua kibao cha magazini, mwaga risasi zote.
4. Sasa vuta boliti hadi mwisho, iliyomo chemba itoke.
5. Funga kibao, vuta boliti tena. Magazini ikiwa tupu, boliti ya SKS hubaki nyuma yenyewe.
6. Angalia chemba. Kisha ipapase.

Hiyo hatua ya sita isikupite. Jicho hudanganyika, hasa usiku au kwa mtu aliyechoka, maana kitako cha risasi ya chuma chenye rangi ya kijivu hakitofautiani sana na kivuli. Mkono wa kulia ushikilie kabisa kishikio cha boliti isije ikafyatuka mbele, na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kiingie chemba. Ukikuta tundu baridi lenye ukingo mkali, chemba ni tupu. Kikigota kwenye kitu bapa na laini, hiyo ni risasi. Kisha risasi zote zibebwe zipelekwe chumba kingine. Zikibaki mezani karibu na bunduki, atatokea mtu wa kuzirudisha ndani “kujaribu kidogo”.

Na sefti je? Sefti ya SKS huizuia triga tu, basi. Haiishiki nyundo wala pini. Bunduki iliyochakaa ndani inaweza kuanguka na kulia huku sefti imewekwa. Ndiyo maana Jeff Cooper, mwanajeshi Mmarekani aliyefungua shule ya kufundisha silaha huko Arizona mwaka 1976, alizifanya kanuni zake za usalama ziwe nne na sefti hakuitaja hata katika moja. Chukulia kila bunduki ina risasi. Usiuelekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kisiguse triga mpaka umelenga. Ijue shabaha yako na kilichopo nyuma yake. Zote nne ni kazi ya mtu, hakuna hata moja iliyoachiwa chuma.

*Kwa ufupi:* magazini kwanza, chemba baadaye, jicho halafu kidole. Hapo tu ndipo pa kuanza kusema tunasafisha.

Adui anayeitwa chumvi

Watu wengi hudhani masizi ya baruti ndiyo yanayoila bunduki. Masizi huchafua na hukwamisha, ila uharibifu wa haraka unatoka kwenye fataki. Risasi nyingi za kijeshi za zamani za nchi za kambi ya Mashariki, ambazo bado zimejaa maghalani, zina fataki yenye kloreti ya potasiamu. Ikishaungua huacha kloridi ya potasiamu, ambayo ni chumvi, ndugu wa karibu wa ile ya mezani. Chumvi hiyo hutawanyika mtutuni, kwenye bomba la gesi, kwenye pistoni na kwenye uso wa boliti. Kisha huvuta unyevu kutoka hewani. Dodoma wakati wa kiangazi unaweza kuwa na bahati. Tanga, Mombasa au Unguja, bunduki iliyopigwa jioni inaweza kuamka na kutu.

Mwenye bunduki anafanya nini? Anapaka mafuta mengi na kulala kwa amani. Lakini chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Anachofanya ni kuifunika, na chini ya utando ule inaendelea kula chuma. Kinachoyeyusha chumvi ni maji. Najua wengi hushtuka: maji ndani ya bunduki? Ndiyo, na yawe ya moto, na ikiwezekana yenye sabuni kidogo. Maji moto yana faida mbili: huyeyusha upesi, na huacha chuma kikiwa na joto kiasi cha kujikausha chenyewe. Mimina kwa mrija au faneli kuanzia chemba yatokee mdomoni mwa mtutu, osha pistoni na bomba la gesi, futa uso wa boliti. Kausha hadi uridhike. Mafuta yaje baada ya hapo.

SKS nyingi za Kirusi na za Kichina zina kromiamu ndani ya mtutu, na kromiamu huvumilia. Zile za Yugoslavia, M59 na M59/66, hazikupakwa, na ukichungulia mtutu wa iliyotunzwa vibaya utaona mashimomashimo kama uso wa aliyeugua ndui. Lakini hata yenye kromiamu, bomba la gesi na pistoni yake mara nyingi ni chuma kitupu. Kama huna hakika risasi zako ni za aina gani, zihesabu kuwa za chumvi, na osha siku ileile uliyopiga.

Kufungua, kwa mpangilio

Bunduki ikiwa tupu, SKS hufunguka bila vifaa vya kigeni. Ndani ya kitako cha nyingi kuna kimkebe chenye brashi, kibanio cha kitambaa na vikorokoro vingine. Mdeki wa kusukumia umechomekwa chini ya mtutu. Geuza pini ya nyuma ya mwili wa bunduki na kuivuta, kifuniko cha juu kitoke. Toa springi ya kurudishia. Vuta boliti na kibebeo chake nyuma kisha juu. Bomba la gesi hutoka kwa kuinua kilachi kilicho ubavuni mwa kilengeo, kifaa cha kulengea, cha nyuma. Tia kiganja mbele yake, kwa sababu pistoni inaweza kuchomoka ikaangukia sakafuni. Seti ya triga nayo hutoka yote kwa pamoja, lakini kama hujaonyeshwa na mtu anayeijua, iache ilipo. Springi ya nyundo ina nguvu na haina huruma kwa vidole.

Tandika kitambaa cheupe, panga vipande kwa mpangilio uliovitoa, kushoto kwenda kulia. Ukirudisha unaanza kulia. Fungua dirisha na usile chochote: fataki na vichwa vya risasi huacha vumbi la madini ya risasi, sumu inayoingia kwa mdomo na kukaa mwilini, na kwa mtoto madhara yake ni makubwa zaidi. Ukimaliza, nawa kwa sabuni kabla hujamshika mwanao au chapati.

Mtutu wa SKS husafishwa kutoka mdomoni kwa sababu nyuma pamezibwa. Hapo kuna hatari ndogo isiyosemwa mara nyingi. Ule ukingo wa mdomo ndio unaoiaga risasi. Mdeki wa chuma ukiukwaruza mara kwa mara, bunduki itaanza kupiga kombo na utakilaumu kilengeo. Ndani ya kimkebe kuna kifuniko chenye tundu kinachovikwa mdomoni ili mdeki upite katikati. Wengi hawajui ni cha nini na wamekitupa.

Sasa vitazame vitambaa, maana vina habari. Cha kwanza kitatoka cheusi tii: masizi, hakuna cha ajabu. Vinavyofuata vitageuka kijivu. Ukiona rangi ya kijani au samawati, dawa ya kusafishia imekutana na shaba iliyobanduka kwenye vichwa vya risasi. Kahawia iliyopauka au nyekundu ya udongo ni kutu, na kama inarudi kila siku hata baada ya kufuta, chumvi bado imo; rudi kwenye maji. Kitambaa kikipita laini halafu kikakwama mahali pamoja, simama. Huenda mtutu umevimba au kuna kitu kimeganda humo. Ukishaweka mwanga upande wa chemba, chungulia: michirizi inayouzunguka mtutu kwa ndani ionekane mikali, mfululizo, bila kivuli cha pete. Pete nyeusi ni alama ya uvimbe, na mtutu uliovimba haurekebishwi.

Pini inayocheza

Kama nitaambiwa nichague kitu kimoja cha kukagua kwenye SKS, nitachagua pini.

Katika SKS za mwanzo kabisa pini ilikuwa na springi ya kuirudisha nyuma. Baadaye waliiondoa. Katika nyingi zilizopo leo pini inaelea huru ndani ya boliti, mbele na nyuma, bila kitu cha kuishika. Ikiwa safi hakuna shida kubwa. Lakini bunduki hizi zilihifadhiwa maghalani zikiwa zimepakwa mafuta mazito ya nta, na mafuta hayo yakizeeka huwa kama gundi. Yakichanganyika na masizi, pini hukwama. Ikikwama ncha ikiwa imechomoza mbele, boliti inaporudi na kuisukuma risasi chemba, ncha huigonga fataki bila nyundo kuanguka na bila triga kuguswa. Bunduki inalia yenyewe. Boliti inarudi nyuma, inachukua ya pili, nayo inalia. Inaweza kuendelea hivyo mpaka magazini iishe, huku mpigaji akihangaika na mtutu unaopanda juu.

Kipimo chake ni rahisi. Toa boliti, ishike kati ya vidole viwili karibu na sikio, itikise. Unataka kusikia tik-tik, chuma kikicheza ndani. Kisha isukume pini kwa nyuma, ncha ichomoze kwenye uso wa boliti. Uelekeze uso huo juu, na pini irudi chini kwa uzito wake tu. Ikisita, ikirudi polepole, au ikihitaji kugongwa, bunduki hiyo haitiwi risasi. Loweka boliti kwenye mafuta ya taa, itikise, iloweke tena, na ikaushe. Petroli usiiguse; mvuke wake hufuata moto ulipo. Ukimaliza usiijaze mafuta njia ya pini. Ni sehemu inayotakiwa kuwa karibu kavu.

Kutokana na pini hii huru kuna tabia moja ya walinzi inayostahili kukomeshwa. Mlinzi anaingia zamu, anakoki risasi chemba. Anatoka zamu, anaitoa, anairudisha juu kabisa ya magazini. Kesho ni ileile. Kila boliti inapofunga, pini hutupwa mbele na kuidonoa fataki kidogo. Ukiangalia kitako cha risasi utaona kijidoa katikati. Mdono mmoja hauna neno. Ikidonolewa kwa wiki nzima, fataki inaweza kuharibika isilie siku ya haja, au ikalia siku isiyo ya haja. Risasi iliyokwisha kuingia chemba itengwe, na kwa zamu ya kawaida chemba ikae tupu kama utaratibu wa kazi unaruhusu.

Kilichobaki kukaguliwa

Ukucha wa boliti unaong’oa maganda uwe mkali na usiwe na pengo. Springi ya kurudishia isiwe imepinda. Mwili wa bunduki, hasa pale boliti inapojifunga, uangaliwe kwa tochi: ufa huanza kama unywele na hushika mafuta, kwa hiyo ukifuta kisha ukaona mstari unatoka jasho, huo ni ufa.

Kipimo cha triga hufanywa bunduki ikiwa tupu na imekwisha kuunganishwa. Koki, weka sefti, vuta triga: pasilie kitu. Achia triga, ondoa sefti: bado pasilie. Vuta: nyundo ianguke. Endelea kuishikilia triga ikiwa imevutwa, koki tena, halafu iachie taratibu. Utasikia ‘kt’ ndogo, nayo ni triga ikijishika upya. Vuta tena, nyundo ianguke. Kama wakati umeishikilia triga nyundo iliifuata boliti na haikubaki nyuma, una bunduki inayoweza kuendelea kulia bila kukoma. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha, na faili la nyumbani lisiingie humo. Wengi wameharibu triga kwa kutaka “ilainike”.

Kuna kipimo ambacho hutaweza kukifanya mwenyewe: nafasi kati ya uso wa boliti iliyofungwa na mahali risasi inapoegemea chemba. Ikizidi, ganda halina pa kujiegemeza vizuri linapolipuka, nalo hupasuka. Presha ndani ya chemba hupita 3,000 kwa kipimo ambacho tairi la gari dogo husoma kama 2, na gesi hiyo itatokea usoni pako. Fundi hupima kwa vipande maalumu vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi. Wewe tazama maganda yaliyotoka. Yaliyovimba, yenye ufa wa kuzunguka karibu na kitako, au yenye fataki iliyosukumwa nje, yapeleke pamoja na bunduki.

Bunduki iliyosemwa haihitaji kusafishwa

Wamarekani waliwahi kulipa gharama ya kupuuza usafi wa bunduki. Katikati ya miaka ya 1960 waliipeleka Vietnam bunduki mpya, M16, ikiwa na sifa kwamba inahitaji kusafishwa kidogo tu. Vifaa vya kusafishia havikuwatosha askari, chemba haikuwa na kromiamu, na aina ya baruti ilikuwa imebadilishwa ikawa inayochafua zaidi. Hewa ya kule ni ya joto na unyevu. Maganda yakakwama chemba katikati ya mapigano, na wapo waliokutwa wamekufa bunduki zao zikiwa zimefunguliwa nusu, wakijaribu kuzikwamua. Mwaka 1967 kamati ya Bunge lao chini ya Richard Ichord ilichunguza na kulilaumu jeshi. Chemba zikapakwa kromiamu, vifaa vikagawiwa, na mwaka 1968 jeshi likatoa kijitabu cha katuni kilichochorwa na Will Eisner, mchoraji maarufu, kumfundisha askari wa kawaida kuifuta bunduki yake. Kati ya nyaraka zote za kijeshi nilizowahi kuona, hicho ni miongoni mwa chache zilizoandikwa kwa mtu anayetarajiwa kuzisoma kweli.

Mafuta, na mahali pa kuilaza

Mafuta ya bunduki ndiyo bora. Yakikosekana, mafuta mepesi ya cherehani hufaa kwa muda. Mafuta ya kula hugeuka gundi. Ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, kwa hiyo yatakayoonekana mepesi Bagamoyo yatakuwa nta Makete. Tone moja au mawili kwenye reli kinapopita kibebeo cha boliti, kidogo kwenye nyundo, utando mwembamba nje. Pistoni na bomba la gesi viache vikavu; mafuta humo huungua na kuwa masizi magumu. Risasi zenyewe zisipakwe kabisa, kwani mafuta hujipenyeza hadi kwenye fataki na kuizima.

Kabla ya kupiga, pitisha kitambaa kikavu mtutuni uondoe mafuta uliyoyaacha, na uchungulie. Kitambaa kilichosahaulika, tope, au kiota cha nyigu wa udongo, ambaye hupenda kila tundu la ukubwa huo, vinaweza kuupasua mtutu. Vivyo hivyo ukipiga ukasikia ‘puf’ dhaifu na bega lisisukumwe: acha hapohapo. Kichwa cha risasi huenda kimebaki njiani, na ya pili itakikuta. Ukivuta triga ukasikia ‘ta’ tu, uelekeze mtutu kwenye shabaha kwa nusu dakika nzima ndipo ufungue, kwa kuwa fataki nyingine huchelewa kushika.

Mfuko wa ngozi ni mzuri wa kubebea, mbaya wa kuhifadhia. Ngozi hushika unyevu. Ilaze kavu, boliti imefungwa juu ya chemba tupu uliyoipapasa, ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na risasi kwenye kabati jingine lenye ufunguo wake. Weka daftari humo. Andika tarehe, idadi ya risasi zilizopigwa, ulichokikuta kwenye kitambaa na kama pini ilicheza. Atakayeipokea bunduki baada yako alisome daftari hilo, kisha arudie ukaguzi wote tangu hatua ya kwanza kana kwamba hukuandika kitu.